Kwa Macho ya Askari

Sheria ya jimbo la Tennessee kuhusu kukamata watuhumiwa ilikuwa fupi. Askari mgeni angeweza kuikariri siku yake ya kwanza kazini. Mtu akishaarifiwa kwamba anakamatwa, kisha akakimbia au akapinga kwa nguvu, askari aliruhusiwa kutumia njia zote zilizohitajika ili kumtia mbaroni. Bunduki haikutajwa, wala haikukatazwa. Sheria haikuuliza anayekimbia ana umri gani, ana silaha au mikono mitupu, ameua au ameiba.

Saa tano kasorobo usiku, tarehe 3 Oktoba 1974, askari wawili wa jiji la Memphis, Elton Hymon na Leslie Wright, waliitwa kwenye mtaa mmoja ambako ilisemekana mwizi ameingia nyumbani kwa watu. Walipofika walimkuta mwanamke amesimama barazani kwake, akiwaonyesha nyumba ya jirani. Alikuwa amesikia kioo kikivunjika. Wright alibaki kwenye redio kuwaarifu wenzao, Hymon akazunguka nyuma. Akasikia mlango ukibamizwa, akaona mtu akikatiza uani mbio hadi kwenye uzio wa nyavu za chuma wenye kimo cha futi sita, akachutama hapo.

Hymon alimmulika kwa tochi. Aliuona uso wake na mikono yake. Baadaye, akitoa ushahidi, alisema hakuona dalili yoyote ya silaha, na kwamba ingawa hakuwa na uhakika kamili, aliamini kwa kiasi cha kutosha kuwa yule kijana hakuwa na kitu mkononi. Alimkisia miaka 17 au 18. Alipaza sauti kujitambulisha kuwa polisi na kumwamuru asimame, akapiga hatua chache kumsogelea. Kijana akaanza kupanda uzio. Hymon aliona kwamba akiuvuka tu, hatampata tena. Akafyatua risasi. Ilimpata kisogoni.

Edward Garner alikuwa na miaka 15, mwanafunzi wa darasa la nane, kijana mweusi mwembamba wa futi tano na inchi nne. Alifia hospitalini akiwa kwenye meza ya upasuaji. Mwilini mwake zilikutwa dola 10 na pochi ya kike, vyote vimetoka katika nyumba ile.

Bodi ya polisi wa Memphis inayopitia matumizi ya silaha ililitazama tukio hilo. Baraza la raia linaloamua kama mtu ashtakiwe nalo likaletewa jalada. Hakuna aliyechukua hatua yoyote, na kwa sheria ilivyokuwa, sioni ni hatua gani wangeichukua. Hymon alikuwa ametenda kile ambacho sheria ya jimbo lake na kanuni za idara yake zilimruhusu kutenda.

Sheria yenyewe haikubuniwa Tennessee. Ilikuwa urithi wa Uingereza ya kale, enzi ambazo karibu kila kosa lililoitwa kubwa, kuanzia kuua na kubaka hadi kuvunja nyumba usiku, lilikuwa na adhabu moja tu, nayo ni kifo. Mantiki yake ilikuwa kavu lakini inaeleweka: anayetoroka amekwisha stahili kufa, na anayemuua njiani anamtangulia mnyongaji tu. Tena zama hizo hapakuwa na bastola kiunoni mwa kila mlinzi. Kumuua mtu anayekimbia kulimaanisha kumfikia na kupambana naye mkono kwa mkono. Kanuni hiyo ilivuka bahari pamoja na walowezi, ikabaki vitabuni hata pale adhabu ya kifo ilipoondolewa kwa karibu makosa hayo yote, na hata bastola ilipokuwa sehemu ya sare. Mwaka 1974 hapakuwa na mahakama Tennessee ambayo ingemhukumu kifo mtoto aliyeiba dola 10. Askari aliweza kumuua kwa kutosimama.

Msomaji wa Kenya ataitambua lugha hiyo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya nchi yake, kifungu cha 21, nayo inamruhusu polisi kutumia njia zote zinazohitajika kumkamata anayepinga au anayejaribu kukwepa. Mzizi ni ule ule wa Kiingereza. Ila kifungu cha Kenya kinaongeza papo hapo kwamba hakihalalishi nguvu iliyozidi kiasi kinachostahili katika mazingira ya tukio. Kifungu cha Tennessee hakikuwa na nyongeza hiyo, na kesi yote iliyofuata inaweza kusomwa kama safari ya kuitafuta.

Baba wa marehemu, Cleamtee Garner, alifungua kesi ya madai katika mahakama ya shirikisho. Aliegemea sheria ya mwaka 1871, iliyotungwa na Bunge la Marekani baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe ili Waamerika weusi wa Kusini wapate mahali pa kuwashtaki maofisa waliokuwa wakishirikiana na Ku Klux Klan au kuifumbia macho. Sheria hiyo ilikaa karibu miaka 90 bila makali. Mwaka 1961, katika kesi ya Monroe dhidi ya Pape, Mahakama ya Juu iliamua kwamba familia ya Chicago iliyovamiwa na polisi nyumbani kwake na kusimamishwa uchi sebuleni ingeweza kuwadai fidia askari waliohusika. Mwaka 1978 majiji nayo yakaanza kushtakika kwa sera zao. Kesi ya Garner ilikuwa ikipanda na kushuka ngazi za mahakama katika kipindi hicho hicho, ikirudishwa chini sheria ilipobadilika, na ndiyo maana ilichukua takriban miaka 10.

Jaji wa kwanza aliitupa. Kwa maoni yake, kijana aliyejaribu kuruka uzio bila kujali alikuwa amekubali mwenyewe hatari ya kupigwa risasi. Nimeisoma hoja hiyo mara nyingi na bado inanishangaza, kwa sababu inamfanya mtoto aliyekufa kuwa ndiye aliyefanya uamuzi, na aliyeshika bastola kuwa kama mvua tu iliyonyesha. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Sita ilikataa. Hymon mwenyewe ilikuwa imeshamwacha salama, kwa kuwa alitenda kwa nia njema akitegemea sheria iliyokuwapo. Sheria ndiyo iliyotiwa kitanzini. Marekebisho ya Nne ya Katiba yanawalinda watu dhidi ya kukamatwa isivyo haki, na hakuna namna ya kumkamata mtu iliyo kamili kuliko kumuua.

Jimbo likakata rufaa Mahakama ya Juu, Washington. Steven Winter, wakili wa mfuko wa utetezi wa kisheria wa NAACP, chama kinachotetea haki za Waamerika weusi, alisimama upande wa familia. Tarehe 27 Machi 1985 hukumu ikatoka, imeandikwa na Jaji Byron White, majaji 6 dhidi ya 3.

White alisema jambo ambalo leo linaonekana dogo. Alisema si bora watuhumiwa wote wa makosa makubwa wafe kuliko watoroke. Askari asiyeona hatari yoyote kwake wala kwa wengine hana haki ya kumuua mtu anayekimbia kwa sababu tu anakimbia. Risasi inaruhusiwa pale ambapo kuna sababu za kutosha kuamini kwamba mtuhumiwa ni tishio la kifo au la madhara makubwa mwilini, na inapowezekana aonywe kwanza. Kwa wale waliodai kwamba uvunjaji wa nyumba usiku ni kosa la hatari kwa asili yake, White aliwawekea mezani takwimu: kati ya mwaka 1973 na 1982, ni asilimia 3.8 tu ya matukio yote ya kuvunja nyumba ndiyo yaliyoambatana na ukatili dhidi ya mtu.

Jaji Sandra Day O'Connor aliandika hukumu pinzani, na si ya kupuuzwa. Alisema nyumba ya mtu ni mahali pa pekee, kwamba sehemu kubwa ya ubakaji na unyang'anyi unaofanyika majumbani hufanywa na wavunjaji nyumba, na kwamba askari aliye gizani hana namna ya kujua kilichotendeka mle ndani. Katika hili alisema kweli: Hymon hakujua. Waliomuunga mkono walikuwa Jaji Mkuu Warren Burger na William Rehnquist. Jina hili la mwisho litarudi.

Kilichomsaidia White ni kwamba polisi wenyewe walikuwa wameitangulia mahakama. FBI na polisi wa New York walikwisha kukataza kufyatua risasi isipokuwa kuzuia kifo au madhara makubwa, na katika idara zilizochunguzwa, ni asilimia 7.5 tu zilizoruhusu wazi kumpiga risasi mtuhumiwa yeyote wa kosa kubwa. New York ilibana kanuni zake mwaka 1972 chini ya kamishna Patrick Murphy. Walikuwapo waliotabiri kwamba wahalifu wangetamba na askari wangekufa. James Fyfe, luteni wa polisi wa jiji hilo aliyesomea uzamivu akiwa bado kazini, alikaa na kuhesabu. Ufyatuaji risasi ulikuwa umepungua kwa karibu theluthi moja, na askari waliouawa na kujeruhiwa hawakuongezeka. Walipungua. Baada ya hukumu ya Garner, mtafiti Abraham Tennenbaum alikuta kwamba mauaji yanayofanywa na polisi nchini kote yalishuka kwa takriban asilimia 16.

Kanuni iliyoandikwa vizuri huokoa watu. Nalisema hili mapema kwa sababu yanayofuata yanaweza kumfanya msomaji afikiri vinginevyo.

Miezi michache kabla ya hukumu hiyo, tarehe 12 Novemba 1984, katika jiji la Charlotte, North Carolina, mtu mmoja aitwaye Dethorne Graham alihisi sukari yake ikishuka. Alikuwa mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini, na dalili alizijua. Dawa yake ilikuwa juisi ya machungwa. Alimwomba rafiki yake amkimbize dukani kwa gari. Akaingia, akakuta foleni ndefu, akatoka haraka na kumwambia rafiki yake ampeleke kwa mtu mwingine.

Askari aliyekuwa nje, M. S. Connor, aliona mtu mweusi akiingia dukani kwa haraka na kutoka kwa haraka. Hakuona kingine. Aliifuata gari na kuisimamisha umbali wa nusu maili. Rafiki alimweleza kwamba ni sukari tu. Connor akawaamuru wasubiri hadi ajue kilichotokea dukani, akarudi garini mwake kuita msaada. Graham, ambaye akili ilikuwa imeanza kumpotea, alishuka, akaizunguka gari mara mbili, akaketi ukingoni mwa barabara na kuzimia kwa muda mfupi.

Askari wengine wakafika. Mmoja alimgeuza na kumfunga pingu kwa nyuma, akiwa hasikii maombi ya rafiki kwamba mgonjwa apewe sukari. Mwingine alisema amewaona wagonjwa wengi wa kisukari na hakuna aliyefanya vile, huyu ni mlevi tu, akaongeza matusi ambayo kumbukumbu za mahakama zimeyaandika kwa herufi za mwanzo. Wakamwinua na kumlaza kifudifudi juu ya boneti. Alipozinduka aliwaomba watazame ndani ya pochi yake, mlikuwa na kibandiko cha kumtambulisha kuwa ana kisukari. Aliambiwa anyamaze, uso wake ukabamizwa kwenye gari. Askari wanne wakamkamata na kumtupa kichwa mbele ndani ya gari la polisi. Mtu mmoja alimletea juisi. Wakakataa asipewe.

Baadaye Connor akapata taarifa kwamba dukani hakuna kilichotokea. Walimrudisha Graham nyumbani, wakamwacha huko akiwa amevunjika mguu, mikono imechanika kwa pingu, paji la uso limevimba na bega limeumia, na sikio la kulia likivuma.

Mahakama zilizomsikiliza mwanzoni zilimpima kwa kipimo ambacho hakikuwa chake. Mwaka 1973 Jaji Henry Friendly wa New York, akiamua kesi ya mahabusu aliyepigwa na mlinzi wa gereza, aliorodhesha mambo ya kuangalia, na mojawapo lilikuwa kama nguvu ilitumiwa kwa nia njema ya kurejesha utulivu au kwa chuki na ukatili wa makusudi. Mahakama nyingi zililidaka hilo la mwisho na kulifanya sharti la kila kesi. Kwa hiyo Graham alitakiwa athibitishe kilichokuwamo mioyoni mwa askari. Jaji alimaliza kesi baada ya kusikia upande wake tu, na mahakama ya rufaa, kwa majaji waliogawanyika, ikaafiki.

Mahakama ya Juu ilitoa hukumu tarehe 15 Mei 1989. Mwandishi alikuwa William Rehnquist, sasa akiwa Jaji Mkuu, yule aliyekataa hukumu ya Garner miaka minne nyuma. Majaji wote 9 walikubaliana kwamba Graham alipimwa kimakosa, na kesi irudi.

Kwanza zuri lake, maana lipo. Rehnquist aliufuta ulazima wa kuthibitisha chuki. Nia mbaya ya askari haiifanyi nguvu iliyostahili kuwa kosa, na nia njema haiisafishi nguvu iliyozidi. Swali ni moja kwa kila ukamataji: je, askari mwenye busara, katika hali ile, angetenda vile? Yatazamwe uzito wa kosa linalotuhumiwa, tishio la papo hapo kwa askari au kwa wengine, na kama mtuhumiwa anapinga au anakimbia. Mtu aliyeumizwa hakulazimika tena kuupasua moyo wa askari mahakamani.

Kisha yakafuata maneno ambayo mawakili wa polisi wa Marekani wameyakariri kuliko Katiba yenyewe. Busara hiyo ipimwe kwa macho ya askari aliyekuwa pale, si kwa uangavu wa mtu anayetazama nyuma baada ya jambo kwisha, na izingatiwe kwamba polisi hulazimika kuamua ndani ya sekunde, katika hali za wasiwasi zinazobadilika haraka. Ni maneno ya haki. Lakini tazama yaliandikwa katika kesi ipi. Hapakuwa na sekunde za kukimbizana nazo barabarani Charlotte. Palikuwa na mgonjwa aliyelala chini, rafiki anayeeleza, pochi ya kufunguliwa na juisi iliyokwisha letwa. Rehnquist alitunga kanuni ya mtu anayezungukwa na risasi kwa kutumia kisa cha mtu anayeomba kinywaji. Majaji Blackmun, Brennan na Marshall waliandika maoni yao pembeni kuhusu jambo jingine la kisheria, hili hawakuligusa.

Graham alirudi North Carolina kusikilizwa upya kwa kipimo kilichobeba jina lake. Baraza la waamuzi lilitazama kwa macho ya askari, kama lilivyoelekezwa. Alishindwa.

Tangu hapo kipimo cha Graham kimefundishwa katika vyuo vya polisi nchi nzima, na taratibu kikaimeza hukumu ya Garner. Mwaka 2001, katika jimbo la Georgia, kijana wa miaka 19, Victor Harris, alikimbizwa na polisi baada ya kuendesha kwa maili 73 kwa saa mahali penye kikomo cha 55. Naibu sherifu Timothy Scott aliigonga gari yake kwa nyuma, ikatoka barabarani, na Harris akapooza kuanzia shingoni. Kesi ilipofika juu mwaka 2007, majaji waliitazama video ya kule kukimbizana na wakaamua kwa 8 dhidi ya 1 kwamba Scott hakukosea. Jaji Antonin Scalia aliandika kwamba Garner haikuweka swichi ya kuwasha masharti makali kila askari anapotumia nguvu ya kuua. Ilikuwa mfano mmoja tu wa kupima busara. John Paul Stevens, mpinzani pekee, aliitazama video ile ile na kuona barabara tofauti. Mstari aliouchora White ulikuwa umegeuzwa kuwa swali kama maswali mengine.

Na kuna majimbo ambayo hayakujisumbua hata kuufuta ule wino wa kale. Michael Brown alipouawa Ferguson, Missouri, Agosti 2014, waendesha mashtaka waliwapa raia waliokuwa wakiamua kama askari ashtakiwe nakala ya sheria ya jimbo iliyoruhusu kumpiga risasi anayetoroka. Hukumu ya Garner ilikuwa imeiondolea nguvu miaka 29 kabla. Kosa hilo lilisahihishwa wiki kadhaa baadaye, ushahidi ukiwa umeshasikilizwa kwa wingi. Hawakumfungulia askari mashtaka. California nayo ilikuwa na kifungu cha mwaka 1872. Kilibaki hadi Stephon Clark, kijana wa miaka 22, alipouawa Machi 2018 uani kwa bibi yake, Sacramento, akiwa ameshika simu ya mkononi. Mwaka uliofuata mbunge Shirley Weber aliusukuma hadi mwisho mswada unaodai kwamba nguvu ya kuua iwe ya lazima kwa kulinda uhai, na gavana Gavin Newsom akautia saini. Sheria hiyo ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2020. Mahakama ya Juu huweka sakafu tu. Hakuna kinacholizuia jimbo kujenga juu zaidi.

Nje ya Marekani, mstari wa White ulisomwa kwa makini zaidi kuliko nyumbani. Kanuni za Umoja wa Mataifa zilizopitishwa Havana mwaka 1990 zinasema silaha isitumiwe kumuua mtu kwa makusudi ila pale isipoepukika kabisa kulinda uhai. Afrika Kusini ilikuwa imerithi kutoka enzi za ubaguzi kifungu cha 49 cha sheria ya jinai ya mwaka 1977, ambacho kilihesabu kuuawa kwa anayetoroka kuwa mauaji ya halali. Mwaka 2001 mahakama ya rufaa ya nchi hiyo, katika kesi ya kijana wa miaka 17 aliyepigwa risasi akikimbia kutoka kwenye gari la wizi, iliirejea hukumu ya Garner na kukibana kifungu hicho. Mei 2002 Mahakama ya Katiba, kwa kalamu ya Jaji Johann Kriegler, ilikwenda mbali zaidi: ilifuta ruhusa ya kuua na kuwaandikia polisi na raia, hoja baada ya hoja, lini nguvu inaruhusiwa wakati wa kukamata. Bunge lao lilikwisha rekebisha kifungu hicho mwaka 1998, lakini serikali, ikisikiliza malalamiko ya upande wa polisi, iliichelewesha sheria hiyo hadi mwaka 2003. Kenya nayo, katika Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, imeandika kwamba askari aanze na njia zisizo za nguvu, na nguvu ikibidi ilingane na lengo. Maneno hayo ni mazuri kuliko ya Graham. Waliozika ndugu zao baada ya maandamano ya Nairobi na Kisumu wanajua kwamba maneno peke yake hayamzuii mtu aliyeamua.

Bado lilikuwapo swali ambalo Garner na Graham hazikuligusa: saa ianze kuhesabu lini? Askari akitazamwa katika sekunde ya risasi tu, karibu kila mara yuko hatarini. Akitazamwa tangu aliposhuka garini, huenda ikaonekana kwamba hatari hiyo aliitengeneza mwenyewe.

Tarehe 28 Aprili 2016, nje ya Houston, Texas, askari Roberto Felix aliisimamisha gari iliyokodishwa, iliyotangazwa kwenye redio kwa madeni ya ushuru wa barabara. Ndani alikuwamo Ashtian Barnes, miaka 24. Waliongea, Felix akadai anasikia harufu ya bangi, akamwamuru afungue buti na kisha ashuke. Barnes alifungua mlango lakini hakushuka. Akawasha injini, gari ikaanza kusogea. Felix alitoa bastola, akarukia kizingiti cha mlango uliokuwa wazi na kufyatua risasi mbili ndani. Kutoka aliporukia hadi risasi ya kwanza zilipita kama sekunde mbili. Barnes alifia palepale.

Mama yake alishtaki. Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tano ilikuwa na desturi ya kutazama dakika ya tishio pekee, na kwa desturi hiyo sekunde mbili zile ndizo zilizokuwa kesi nzima: mtu aliyening'inia kwenye gari inayokwenda ana haki ya kuogopa. Nani alimtuma aning'inie halikuulizwa. Jaji Patrick Higginbotham aliandika hukumu hiyo kwa kuwa ilimfunga, kisha akaandika maoni yake binafsi akiwaomba walio juu waifute. Ni nadra kumwona jaji akijikatia rufaa namna hiyo, na kwangu mimi kurasa zile chache zina uaminifu kuliko nyingi zilizoandikwa kuhusu suala hili.

Tarehe 15 Mei 2025, miaka 36 kamili tangu siku ya hukumu ya Graham, majaji wote 9 waliifuta. Jaji Elena Kagan aliandika kwamba ukamataji hauna kikomo cha muda katika kutazamwa kwake: kosa lililosababisha gari isimamishwe, maneno yaliyosemwa, amri zilizotolewa, vyote huingia kwenye mizani. Majaji wanne, Brett Kavanaugh akiwaandikia, waliongeza kurasa za kueleza jinsi kazi ya kusimamisha magari ilivyo ya hatari kwa polisi. Na lile swali zito, kama askari aliyejitia hatarini mwenyewe anaweza kuitumia hatari hiyo kujitetea, Kagan alisema halikufikishwa mbele yao ipasavyo. Hakulijibu. Kesi ilirudishwa kwa Mzunguko wa Tano, na sheria ya Marekani hadi siku ile ilikuwa haijamwambia askari yeyote kwamba hakupaswa kurukia kizingiti cha ile gari.